Miezi mitatu ya katikati ni yetu: barua kwa nyanya wenzangu wa Mombasa

Nyanya wenzangu wa Likoni, Kisauni, Majengo, Changamwe na kwengineko,

Asalaam aleikum. Na kwa wale tusiosali pamoja, hamjambo.

Nawaandikia nikiwa barazani, mjukuu wangu wa miezi minne amelala juu ya leso yangu. Mamake amevuka feri alfajiri kwenda kazini, na hatarudi hadi magharibi. Najua wengi wenu mko hivi hivi, ndiyo maana barua hii siwaandikii wazazi. Hao wana wa kuwashauri tele. Sisi hatuna anayetuandikia.

Sheria ya kazi ya mwaka 2007 inampa mama aliyejifungua miezi mitatu ya likizo na mshahara wake kamili. Kliniki nayo inasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Fanyeni hesabu. Hiyo miezi mitatu ya katikati mama yuko kazini, na mtoto yuko nasi. Wale wanaouza mitumba Kongowea au kufulia watu nguo hata hiyo likizo hawaijui, na kwao sisi huanza mapema zaidi. Mtoto akipewa maji au uji kabla ya wakati, mara nyingi mkono ulioshika kijiko ni wa nyanya. Ulikuwa wangu pia.

Mwaka wa 1981 nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, wa miezi miwili, katikati ya Kaskazi. Mnaijua Kaskazi ya Mombasa, usiku unalala sakafuni na jasho halikomi. Mtoto akilia, nikaambiwa ana kiu. Nikamchanganyia maji ya kisima na sukari, nikampa kwa kijiko, akanyamaza, nami nikajiona nimejua kulea. Siku ya tatu akaanza kuharisha. Macho yakazama, utosi ukabonyea, akawa analia bila machozi. Tulivuka usiku kwenda hospitali, nimemkumbatia, namhesabia pumzi. Alipona, na leo ni baba wa watu. Jirani yangu wa nyumba ya pili aliyempa wake maji yale yale alimzika. Tukasema ni kijicho. Miaka mingi nimeishi na neno hilo tulilolisema.

Sasa najua nisilolijua wakati ule. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Siku ya joto mtoto hunyonya mara nyingi zaidi, na kiu yake imekwisha hapo hapo, haidai kitu kingine. Maji tunayompa sisi yanatoka wapi? Mifereji hukauka wiki nzima, tunanunua mitungi ya mkokoteni, na ukimuuliza muuzaji kisima ni kipi atakutajia chochote. Hata ukiyachemsha, yanamjaza tumbo bila kumshibisha. Akishajaa, havuti titi sawasawa, na titi lisilovutwa hupunguza maziwa. Kisha tunasema mkaza mwana hana maziwa, na sisi ndio tuliyakausha.

Kwa hivyo tujifunze kazi ya maziwa ya kukamuliwa, kwa maana enzi zetu hatukuijua. Mama anakamua kwa mkono, mikono imeoshwa kwa sabuni, anatia kwenye chombo safi chenye kifuniko. Nyumbani kwa joto la kadiri yanakaa hadi muda wa saa nne tangu yakamuliwe. Kwa joto letu msifike huko, tieni kwenye friji, ambako yanakaa siku nne. Asiye na friji atumie kasha la barafu. Wakati wa kumpa, weka kikombe ndani ya bakuli la maji moto yapate uvuguvugu. Usiyachemshe. Yaliyobaki baada ya mtoto kunywa usimwekee kwa jioni.

Na jambo hili naomba mlishike. Maziwa hayo yakikaa hujitenga, mafuta yakapanda juu, chini pakabaki kama maji. Nimeona yakimwagwa kwa sababu hiyo, eti yameharibika, na mama mtu aliamka saa kumi za usiku kuyakamua. Yazungushe taratibu tu, yatachanganyika.

Chupa ni tabu kuiosha ikawa safi, hasa pale maji ni ya kununua. Mtoto, hata mchanga, hunywa kwa kikombe kidogo. Mpakate wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike hapo, umwache ayavute mwenyewe kwa ulimi. Usimmiminie, atapaliwa. Mara ya kwanza nilimwagia nusu nzima kwenye leso na roho ikaniuma. Wiki ya pili tukazoeana. Waulizeni pia mabinti kama kazini kwao kuna chumba cha kukamulia. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri wakiweke, na asiyeuliza hatapewa.

Mtasema: lakini analia, hashibi. Nyanya mwenzangu, kilio ndicho cha mwisho. Mtoto mwenye njaa huanza kwa kujilamba midomo, akatia ngumi kinywani, akageuza kichwa akitafuta titi. Ukimwahi hapo hatalia. Na si kila kilio ni njaa. Watoto wengi hulia sana wakifika wiki ya sita hivi, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Sisi tuliita chango tukawanywesha madawa ya mizizi, na kilio kilipokoma chenyewe sifa zikaenda kwa dawa. Ukitaka kujua kama anashiba, hesabu nepi. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito kwenye kitabu cha kliniki unapanda, anashiba. Kitabu hicho kisikae kabatini na mama mtu. Kifungueni, uliza muuguzi akuoneshe ule mstari unaelekea wapi.

Akitimiza miezi sita mambo yanageuka, na hapo pia tunakosea, kwa upande wa pili. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa inapungua, titi peke yake halitoshi tena, nasi tunampa nini? Uji mwepesi wa kunywa na hamri lililochovywa kwenye chai. Chai huzuia mwili kuchukua chuma kilichomo ndani ya chakula. Chai si ya mtoto, hata iwe ya maziwa. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usidondoke. Pondeni pojo, boga, kiazi kitamu, mchicha na tui kidogo. Mpeni kiini cha yai, na weupe wake pia, maini kipande, na samaki. Mji huu una samaki, halafu mtoto analishwa mchuzi mtupu! Kaeni penye mwanga, mpapase mnofu kwa vidole hadi mwiba wa mwisho utoke, kisha muuponde. Chumvi na sukari za nini? Na asali asionje kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba viini vinavyomdhuru mtoto mchanga. Vijiko viwili vitatu vinatosha kuanzia, mara mbili kwa siku, na titi liendelee. Dini yetu imetaja miaka miwili kamili, na kliniki inasema hivyo hivyo, hata zaidi. Akifunga mdomo na kugeuka, ameshiba. Msimbane pua.

Tena kuna hili la kushindanisha. "Wa fulani amekaa miezi mitano, wako je?" Maneno haya yamewaliza mabinti zetu. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatoka mwaka 2006. Kukaa bila kushikwa, kuna aliyeanza karibu miezi minne na kuna aliyeanza tisa. Kutembea, kuna wa miezi minane na kuna wa karibu kumi na minane, na wote ni wazima. Wachache hawakutambaa kabisa. Basi yale magari ya kusukuma kwa miguu tunayowanunulia wawahi kutembea, tuache. Hayawawahishi, na ngazi hazina huruma. Mtandikie mkeka, mlaze kifudifudi akiwa macho, mwache ahangaike na leso yako.

Lakini kutoshindanisha si kufumba macho. Sisi ndio tunaokaa naye mchana kutwa, tutaona kwanza. Akipita miezi tisa hajaweza kukaa, akipita kumi na minane hajatembea, akawa hageuki kwa sauti, au alichokuwa akikiweza amekiacha, mpelekeni kliniki msingoje arobaini ya mtu wala ushauri wa jirani. Na chanjo ya surua ya miezi tisa irudiwe ya kumi na minane. Wengi huisahau hiyo ya pili kwa sababu mtoto ameshakuwa mtundu na anaonekana mkubwa.

Wa kwangu anatimiza sita mwezi wa pili kutoka sasa. Boga nimeshalijua nitalinunua kwa nani. Nimemwambia mamake achague siku yake ya mapumziko, kijiko cha kwanza ampe yeye. Mimi nitashika bakuli.

Nyanya mwenzenu,
Likoni