Mashine ya kulamineti haihifadhi chochote

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu miaka mingi bila kuandika neno, lakini habari ile ya makumbusho ya jamii "yaliyofufuliwa" imenishinda. Picha ya wanakamati wakitabasamu kando ya mashine ya kulamineti, ile inayofunga karatasi ndani ya plastiki yenye gundi kwa joto, mliitoa kama sifa. Mimi naiona ni ushahidi.

Barua au picha ya zamani ikishapitishwa humo, basi tena. Gundi huyeyuka kwa joto na kuingia kwenye nyuzi za karatasi, na asidi iliyomo hufungiwa ndani ikaendelea kuila. Kuibandua salama ni karibu muhali. Mahali pake ni bahasha ya karatasi isiyo na asidi, au mfuko wa plastiki ya poliesta ulio wazi upande mmoja, si ile plastiki laini ya PVC inayonata na kunuka. Pini za chuma hutolewa kabla hazijapata kutu, rababendi hutupwa, selotepu isisogezwe karibu. Nyuma ya picha huandikwa kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza, kwa sababu wino hupenya. Niliwahi kuona picha ya harusi ikirudishwa kwa wenyewe, doa la wino wa bluu limetokeza kwenye paji la uso la bibi harusi, na familia ikaambiwa ishukuru kwa kuwa sasa "imesajiliwa"!

Haya, na ule ung'arishaji? Mmesifu vyombo vya shaba vinavyometa kama vipya. Kila msuguo wa dawa ya kung'arishia huondoka na chuma kidogo, na nakshi nyembamba ndizo hutangulia kufutika. Vinyago navyo vimepigwa vanishi huku wadudu wakiendelea kutafuna ndani. Wadudu huuawa kwa baridi: kikapu, nguo au mti usiopakwa rangi hufungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, hugandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, kisha hutolewa na kuachwa siku nzima bila kufunguliwa. Ukiufungua mapema, unyevu hutanda juu ya chombo, na ukungu haukawii.

Lakini hayo yote ni kazi bure pasipo daftari la mapokezi, ambalo habari yenu haikuligusa. Humo kila kitu hupewa namba yake: chenye namba 2024.3.7, kwa mfano, ni cha saba katika mchango wa tatu wa mwaka huo. Daftari husema nani alikitoa, kilitoka wapi, kilifanya kazi gani, na nakala yake hukaa jengo jingine. Kibandiko kikidondoka na daftari halipo, mnabaki na stoo ya vyombo vikuukuu.

Aliyetoa mashine apewe cheti cha shukrani. Kilaminetiwe hicho cheti, kisha mashine ipelekwe kwa watengeneza vitambulisho. Na mwandishi wenu akirudi huko, aombe kuonyeshwa daftari kabla hajatoa kamera.

Msomaji wenu