Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Tumehamia Kwenye Chemchemi

Ndugu wanachama, assalaam aleikum.

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza mambo mawili: tusafishe kingo za mito ya Nzwani (Anjouan), mojawapo ya visiwa vyetu vya Komoro, na tufungue njia za kufikia maporomoko. La kwanza tumelifanya. La pili kamati imelisimamisha, na fedha zake tumezipeleka kwenye chemchemi za juu mlimani. Najua wapo waliokereka, nao wana haki ya kupewa sababu.

Poromoko lisilo na maji halina cha kumwonyesha mgeni. Inakadiriwa kuwa tangu miaka ya 1950 mito ipatayo 40 ya Nzwani, iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima, imegeuka mito ya msimu: mvua ikikatika, nayo inakatika. Huko Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, tuliokota taka siku nzima, kisha mvua kubwa ya kwanza ikazirudisha pamoja na tope jekundu kutoka mashambani. Tope hilo ndilo lililotufumbua macho.

Mito mingi ya Nzwani huanzia kwenye msitu wa ukungu unaozunguka Ntringui, mlima wa mita 1,595. Miti hunasa ukungu, na udongo wa chini yake hunywa mvua na kuiachia kidogo kidogo hadi kiangazi. Ukifyekwa msitu, mvua ileile huteremka kwa mkupuo mmoja, udongo huishia baharini, na chemchemi hukauka. Wanaofyeka si wakaidi. Kisiwa kina kilomita za mraba 424 na watu zaidi ya 300,000; mtu hulima mteremko kwa kuwa bonde limejaa. Tena kuna mitambo ya kukeneka mafuta ya langilangi, ua la manukato. Moto wake hukesha, na kuni zinatoka kwenye misitu hiyohiyo.

Katika chemchemi moja tuliyoitembelea, maji hutoka chini ya jiwe na kupokelewa na mwanzi uliopasuliwa kati, na kina mama hupanga foleni ya ndoo tangu alfajiri. Mzee mwenye shamba alituonyesha ukanda mweusi jiweni, palipokuwa pakifikiwa na maji alipokuwa kijana. Sasa yako chini ya hapo kwa urefu wa mkono. Alikubali kuacha kulima kando ya chemchemi kwa sharti kwamba miche tutakayompa iwe na faida kwake pia. Tumempa mifenesi na miparachichi, tukachanganya na miti ya asili. Naliona sharti lake kuwa la haki, na ningependa liwe kanuni yetu kila tutakapokwenda: mkulima asiambiwe aache shamba lake kwa hasara.

Wanachama wa kisiwa cha Ngazija wameuliza mbona kwao hatufanyi kitu. Ngazija haina mto wa kudumu. Miamba ya Karthala, volkano ya kisiwa hicho, ni ya umri mdogo na ina matundu, hivyo mvua huzama moja kwa moja ardhini. Kilio chao ni matangi ya kuvunia mvua, na kamati italijadili suala hilo.

Kisiwa cha Mwali kimetupa faraja. Misitu ya mlima Mledjele bado inalisha vijito vinavyofika pwani, na mwaka 2020 kisiwa kiliingizwa katika hifadhi za binadamu na viumbe hai za UNESCO. Huko na Nzwani ndiko pekee duniani anakoishi popo wa Livingstone, anayelala katika miti mikubwa ya mabonde yenye mteremko mkali na kusambaza mbegu za msitu. Palipo na makazi yake, tusiguse mti hata mmoja.

Hesabu zitasomwa na mweka hazina. Kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili: njia za maporomoko zisubiri mwaka mmoja zaidi, na kila tawi lichukue chemchemi moja, lipime maji yake kila mwezi kwa ndoo na saa, na kuandika daftarini. Mwenye pingamizi alilete kwa katibu kabla ya siku ya mkutano ili lijadiliwe mbele ya wote.