Salamu za Idi, na kumbukumbu ya Bi Khadija

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, wazazi wangu, ndugu zangu na majirani.

Mwezi umeandama. Takbira zimeshaanza misikitini, jikoni nazi zinakunwa, na watoto waliopakwa hina hawataki kulala. Taqabbalallahu minna waminkum. Mwenyezi Mungu azipokee saumu zetu, awape afya wagonjwa walioshindwa kufunga, na awarehemu waliokuwa nasi Ramadhani iliyopita na hii hawakuiona.

Mwezi wote huu moyo wangu umekuwa kwa Bi Khadija binti Khuwaylid, mke wa kwanza wa Mtume Muhammad (s.a.w.), radhi za Allah ziwe juu yake. Wanazuoni wengi wa sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, wanasema alifariki ndani ya Ramadhani, kiasi cha miaka mitatu kabla ya Hijra, Mtume alipohamia Madina. Saumu ilikuja kufaradhishwa mwaka wa 2 Hijria, na Idi ya kwanza ikasaliwa Madina mwaka huo huo. Mama huyu, wa kwanza kumwamini Mtume (s.a.w.), hakuwahi kuifunga faradhi hii hata siku moja, wala hakupata kuisikia takbira ya Idi. Sisi tumekuta chungu kimeiva. Moto aliuwasha yeye.

Lakini njaa aliijua kuliko wengi wetu. Makuraishi, kabila kuu la Makka, walipoandika mkataba wa kuwatenga Bani Hashim, ukoo wa Mtume (s.a.w.), na ndugu zao Bani Muttalib, wasiuziwe kitu wala wasiozeshwe, watu wale walikaa katika bonde la Abu Talib kwa takriban miaka mitatu, wakafika hadi kula majani ya miti. Bi Khadija hakuwa wa koo hizo. Alikuwa wa Bani Asad, mwanamke tajiri aliyekuwa akipeleka misafara ya biashara mpaka Sham (Syria na pande zake), na kwa hesabu iliyo mashuhuri umri wake ulikuwa umeshapita miaka 60. Angeweza kubaki kwao. Akaenda kukaa na mumewe.

Mpwa wake, Hakim bin Hizam, alikuwa akimpelekea ngano. Siku moja Abu Jahl, adui mkubwa wa Mtume, akamshika njiani, akaapa kwamba chakula hicho hakipiti. Akatokea Abul-Bakhtari, naye hakuwa Muislamu, akamuuliza: chakula cha shangazi yake kiko kwake, wewe unamzuia kumpelekea mali yake mwenyewe? Wakagombana mpaka Abul-Bakhtari akaokota mfupa wa taya la ngamia akampiga nao Abu Jahl. Huwa nakikumbuka kisa hiki kila adhana ya magharibi inapokaribia, mkono ukiwa juu ya tende.

Wengi tunayajua maneno aliyomwambia Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka pango la Hira akitetemeka, baada ya kushukiwa na wahyi wa kwanza: kwamba Mwenyezi Mungu hatamfedhehesha kamwe, kwa sababu yeye anaunga udugu, anawabebea wanyonge mizigo yao, anampa asiyekuwa na kitu, anamkirimu mgeni. Hakungoja muujiza ndipo aamini. Alitazama jinsi mumewe anavyoishi na watu, akaona inatosha.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kupeana salamu, ikumbukwe pia salamu iliyomfikia yeye. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Jibril alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia: huyu Khadija anakuja, amebeba chombo chenye kitoweo, au chakula, au kinywaji, akikufikia, msomee salamu kutoka kwa Mola wake na kutoka kwangu, na umbashirie nyumba Peponi isiyo na makelele wala uchovu. Salamu ya Mola ilimkuta na chombo mkononi, akimpelekea mtu wake chakula. Akina mama mliosimama jikoni mwezi mzima mkiwapikia wafungaji, naomba muisikie hadithi hii kama yenu.

Muda wote alipokuwa hai, Mtume (s.a.w.) hakumuolea mwenzake. Alipokufa hakumsahau. Bi Aisha mwenyewe, radhi za Allah ziwe juu yake, ndiye aliyetusimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akichinja mbuzi, akamkata vipande, kisha akavipeleka kwa marafiki wa Khadija. Na baada ya vita vya Badr, vilivyopiganwa katika Ramadhani ile ile ya kwanza kufungwa, Zaynab, binti wa Mtume na Bi Khadija, alipeleka kutoka Makka fidia ya mumewe aliyetekwa, na ndani yake mlikuwa na mkufu aliopewa na mama yake siku ya harusi. Mtume (s.a.w.) alipouona, moyo wake ulilainika sana. Akawaomba masahaba, wakiona inafaa, wamwachie mateka huyo na wamrudishie Zaynab mkufu wake. Wakakubali.

Hiyo sunna ya nyama ndiyo ninayotaka tuifufue Idi hii. Pwani yetu tunajua kupelekeana sahani zilizofunikwa kawa, ila mara nyingi hupita kati ya majirani walio hai tu. Mama yako akishafariki, mashoga zake nao taratibu wanaacha kubishiwa hodi. Wapo wazee walioimba kwenye harusi ya mama yako, waliokupokea ulipozaliwa, na sasa wanakula Idi peke yao. Kesho wapelekee sahani, na ukifika uwaambie: hii ni ya mama.

Na ambaye bado hajatoa zakatul-fitri, usiku bado upo. Ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa cha nyumbani, mkubwa kwa mdogo, na iwafikie wanaostahiki kabla ya sala ya Idi.

Idi njema kwenu nyote. Kullu aam wa antum bikhair.