Lafudhi isiwe kipimo cha uenyeji Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua sisi wakazi wa Ujiji na ndugu zetu wa vijiji vya mpakani. Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu katika ofisi moja ya umma kufuatilia kitambulisho. Vyeti vyake vilikuwa kamili, pamoja na barua ya mwenyekiti wa mtaa, lakini afisa aliyemhoji aliviweka kando, akamtaka azungumze Kiha, na baada ya sentensi tatu akamwambia kwamba lafudhi yake ni ya Kirundi, hivyo akalete mzee wa kuthibitisha kabila la babu yake. Mama wa kijana huyo, ambaye ni dada yangu, ni Muha wa Kasulu. Sijui alitakiwa azungumze Kiha cha nani.

Kiha na Kirundi ni lugha ndugu kiasi kwamba wasemaji wake huelewana bila mkalimani, na matamshi hubadilika kidogo kidogo kutoka kilima hadi kilima, pasipo kusubiri mpaka wa nchi. Mpaka wenyewe ni wa wakoloni: baada ya Vita Kuu ya Kwanza Urundi iliangukia kwa Wabelgiji na Tanganyika kwa Waingereza. Hata cheo cha Mwami kilitumika pande zote mbili. Theresa Ntare aliyetawala Heru, huko Kasulu, aliitwa Mwami, na sijapata kusikia aliyemwona mgeni kwa sababu hiyo.

Kwa baba yake, mpwa wangu ni Mmanyema. Wazee wa Kimanyema walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo katika karne ya 19, enzi za misafara ya pembe za ndovu na watumwa, wengine wakiwa wapagazi na wengine wakiwa mateka, wakati ambapo hapakuwa na nchi iitwayo Tanganyika ya kumhoji mtu ameingiaje. Sisi Waha nasi tumeonja ugeni. Wengi wetu walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na wajukuu wao wako huko hadi leo, wanaoa na kuzika huko. Sidhani kama kuna ofisi Korogwe inayowapima kwa Kisambaa.

Sipuuzi kazi ya uhakiki. Mkoa wetu umepokea wakimbizi wa Burundi na wa Kongo kwa miongo mingi, na serikali ina haki ya kujua raia wake ni nani. Lakini Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatazama kuzaliwa na uraia wa wazazi, haitazami sauti ya mtu. Palipo na shaka, waulizwe majirani, kwa maana mtaani tunafahamu nani alichangia msiba wa nani na nani alichimba kaburi lipi. Hao waitwe kukaa pamoja na afisa wakati wa mahojiano, na maelezo yao yaandikwe.

Mzee pekee aliyebaki anayemfahamu babu wa kijana huyu anaishi Buzebazeba, na miguu haimwezeshi tena kupanda daladala. Namwomba afisa amfuate nyumbani, chai tutaandaa.

Mjomba mtu,
Ujiji, Kigoma