Shehia zetu zimebaki bila mwandishi

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo sisi wasomaji na wasikilizaji wa Pemba tunalilalamikia barazani kila siku, lakini ni nadra kulikuta limeandikwa. Kila ifikapo tarehe 3 Mei, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, hufanyika makongamano na husomwa hotuba juu ya magazeti yaliyofungiwa na waandishi waliopigwa. Hayo ni ya kweli na yanastahili kusemwa. Lakini uhuru wa habari hupotea pia pale ambapo hakuna gazeti la kufungiwa wala mwandishi wa kupigwa, kwa sababu katika shehia nzima, yaani eneo dogo kabisa la utawala huku Zanzibar, hakuna anayekuja kuuliza chochote.

Nitoe mfano ninaoufahamu vyema, kwa kuwa ulitokea katika shehia ninayoishi, Wilaya ya Micheweni. Wananchi walijitolea wakajenga banda la madarasa ya skuli hadi kufikia linta, wakiwa wameahidiwa kwamba Serikali itaezeka na kumalizia. Akina mama walibeba mchanga na kokoto kichwani, wavuvi wa dagaa wakachanga kila giza la mwezi, wakati wanapovua, lilipokwisha, na wenye jamaa Unguja na Dar es Salaam wakatumiwa mifuko ya saruji. Masika yalikuja na kuondoka, kuta zikaota ukoga, miche ya mipapai ikaanza kukua ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa darasa la kwanza, na hakuna aliyetueleza fedha za kuezekea zimekwamia wapi. Hatimaye alifika kijana mmoja anayejitolea katika redio ya jamii. Aliwarekodi wazazi kwa simu yake, akamrekodi na mwalimu mkuu, kisha akaenda wilayani kutafuta upande wa pili kama alivyofundishwa. Huko aliambiwa, “Mimi si msemaji.” Alipofika Chake Chake, katika ofisi ya wizara husika, aliambiwa msemaji yuko Unguja na kwamba ni vizuri aandike barua. Barua aliandika, na jibu halikuja. Mhariri wake, kwa kuchelea kuulizwa kwa nini amerusha habari ya upande mmoja, aliiweka kando, na mpaka leo haijasikika hewani. Nauli za gari zote kijana yule alizitoa mfukoni mwake, kwa sababu anayejitolea halipwi mshahara.

Katika kisa hicho hakuna askari aliyetumwa wala amri iliyoandikwa, na bado habari ilizuiwa barabara kama ambavyo ingezuiwa kwa amri. Wenzetu wa Tanzania Bara wana Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo, pamoja na upungufu wake, angalau inamlazimisha mwenye taarifa kujibu katika muda uliowekwa. Sheria hiyo haifiki huku, kwa kuwa habari si jambo la Muungano, na sisi wenyewe hatujatunga ya kwetu. Kwa hiyo ofisa wa Zanzibar anayekaa kimya havunji sheria yoyote, na kwa kweli ukimya ndio unaomweka salama kazini.

Sheria tuliyonayo ni ile ya Usajili wa Wakala wa Habari, Magazeti na Vitabu, Namba 5 ya mwaka 1988, iliyorekebishwa mwaka 1997. Ilitungwa wakati wa chama kimoja, miaka minne kabla ya vyama vingi kurejeshwa, na roho yake ni ya wakati huo. Inampa Waziri uwezo wa kulisimamisha gazeti kwa maelezo ya maslahi ya umma bila ya kwanza kwenda mahakamani. Wasomaji wa rika langu hawajasahau kilichotokea Novemba 2003, wakati gazeti la Dira, lililohaririwa na marehemu Ali Nabwa, lilipofungiwa likiwa halijamaliza hata mwaka mmoja madukani vizuri. Watu walikuwa wakilisubiri bandarini, na nakala moja ilisomwa na mtaa mzima. Tangu hapo wapo waliojaribu kuanzisha magazeti binafsi, na nawaheshimu kwa ujasiri wao, lakini gazeti la kila siku linalochapishwa kwa ajili ya Visiwa hivi hadi leo ni la Serikali. Mfanyabiashara gani atatia fedha zake katika mtambo, mishahara na karatasi, akijua kwamba saini ya mtu mmoja inaweza kuyamaliza yote kwa siku moja? Ndiyo maana siukubali ule usemi kwamba magazeti ya Zanzibar yameuawa na soko tu na simu za mkononi. Soko lina sehemu yake, lakini halikupewa nafasi ya kujaribiwa kwa haki.

Hatukuwa hivi zamani. Kabla ya Mapinduzi visiwa hivi vidogo vilikuwa na Al-Falaq, Mwongozi, Afrika Kwetu na mengine kadhaa. Sitayasifu kupita kiasi, kwa sababu zama za siasa baadhi yake yalichochea chuki ambayo tuliilipia kwa damu. Lakini dola iliyoona dawa yake ni kesi za uchochezi ilikuwa ni ya kikoloni; mwaka 1954 Waingereza waliwashtaki viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa yaliyoandikwa katika Al-Falaq, na kesi ile haikuituliza nchi hata kidogo.

Nazungumzia habari za shehia kwa uzito huu kwa sababu ya roho za watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba, ikiwa imepakia kupita uwezo wake. Karibu kila kijiji cha Pemba kina nyumba iliyopoteza mtu. Baada ya maiti kupangwa katika viwanja vya Maisara, mjini Unguja, ndipo tuliposikia kwamba wapo abiria walioikataa meli ile bandarini kwa kuona imejaa mno, na kwamba habari za meli kujazwa hazikuwa ngeni kwa wachukuzi na wasafiri wa Malindi, bandari ya Unguja. Haukutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama meli ya MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Sidai kwamba gazeti lingeizuia meli kung'oa nanga. Ninachosema ni kwamba bandari ambayo mwandishi hushinda hapo, akahesabu abiria na kuandika jina la meli, haiwezi kuzoea uzembe kwa wepesi ule, na wale abiria walioshuka wangekuwa na mtu wa kumwambia.

Redio za jamii zingeweza kuifanya kazi hiyo. Tunazo Micheweni, Mkoani, Tumbatu na Mtegani kule Makunduchi, na wananchi wanazipenda kwa sababu zinazungumza lugha yao, zinatangaza misiba yao na zinawajua kwa majina. Lakini nyingi zinaishi kwa miradi ya wafadhili. Mradi ukiwepo kuna vipindi, mradi ukimalizika kunabaki muziki na taarifa zilizotumwa na ofisi za wakubwa, zikisomwa kama zilivyokuja. Niliwahi kusikiliza taarifa ya habari ya vituo viwili tofauti jioni moja nikakuta habari moja imesomwa neno kwa neno, hata jina la kijiji lilikosewa namna ileile. Mwanamke anayelima mwani Kiuyu hakuambiwa na kituo chochote kati ya hivyo kwa nini bei imeshuka, wala mkaazi wa kisiwa kidogo kinachokodishwa kwa mwekezaji hakuulizwa dago lake, yaani kambi yake ya uvuvi, litahamia wapi.

Wapo wanaosema mitandao imeziba pengo. Imeziba sehemu, ila kwa gharama. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipe leseni kwa mamilioni ya shilingi, na ingawa ada zilipunguzwa baadaye, kwa kijana asiye na mshahara bado ni mzigo. Kinachobaki bure ni sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe, ambazo huvuma zaidi wakati wa uchaguzi. Oktoba 2020, mitandao ilipobanwa, hata hizo zilikatika, na uvumi ukatembea kwa miguu.

Na anayethubutu kufika eneo la tukio, usalama wake ni mdogo. Machi 2016, siku chache kabla ya uchaguzi wa marudio, mwandishi wa habari Salma Said alitekwa alipotua uwanja wa ndege wa Dar es Salaam akitokea Zanzibar. Aprili 2021 mwandishi wa gazeti la Mwananchi alipigwa na askari wa vikosi Darajani, mjini Unguja, akipiga picha za wafanyabiashara wadogo wakiondolewa. Kijana anayejitolea, asiye na mkataba wala bima, anaposikia hayo hulazimika kujiuliza kama banda la skuli linastahili hatari hiyo.

Nanyi wahariri mna sehemu yenu. Ukurasa wa mbele ukishajaa “amewataka wananchi” na “ameziagiza taasisi”, shehia hukosa mahali pa kuingia, na mwandishi hujifunza kuufuata msafara wa kiongozi kwa sababu huko ndiko kwenye usafiri na posho. Habari moja kila wiki kutoka kila wilaya ya Pemba, iliyoandikwa na mtu aliyefika hapo na kulipwa nauli yake, ingebadilisha mengi katika gazeti hili.

Kwa upande wa sheria, taasisi za wanahabari zikiwemo TAMWA Zanzibar (chama cha waandishi wanawake), ZAMECO (kamati ya wadau wa habari Zanzibar) na Pemba Press Club (klabu ya waandishi wa Pemba) zimekuwa zikidai sheria mpya ya habari kwa miaka mingi, na rasimu zimejadiliwa mara nyingi. Naliomba Baraza la Wawakilishi liuone muswada huo, na utakapofika, uwezo wa kulifungia gazeti uwe wa mahakama, si wa Waziri. Lakini lipo moja ambalo halihitaji kusubiri muswada. Katibu Mkuu Kiongozi anaweza kutoa waraka wa ukurasa mmoja unaowaruhusu Maafisa Wadhamini, yaani wasimamizi wa wizara huku Pemba, na wakuu wa idara wilayani kujibu maswali ya waandishi kuhusu miradi iliyo chini yao, na kuwataka wajibu ndani ya siku saba. Waraka huo ukitoka, yule kijana wa redio atakuwa na mlango wa kubisha Chake Chake, na barua yake ya kwanza iko tayari.

Mwalimu mstaafu,
Micheweni, Pemba
Mei 2024