Mkandarasi apimwe kwa kazi itakayofunikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo lililonigharimu mimi mwenyewe, na ambalo naona linawagharimu wengi wanaokarabati nyumba zao, nalo ni namna tunavyomchagua mkandarasi. Tukishapokea makadirio ya watu wawili au watatu, wengi wetu hutazama jumla iliyoandikwa chini kabisa, tukamchukua mwenye bei ndogo au mwenye maneno matamu, na kazi ikaanza kwa kupeana mikono tu. Kumbe sehemu kubwa ya fedha zetu huingia katika vitu ambavyo hatutaviona tena kazi ikikamilika: mabomba ndani ya ukuta, nyaya za umeme chini ya lipu, nondo ndani ya zege. Asiye mwaminifu huiba hapo, kwa kuwa anajua hakuna atakayepachungulia.

Mimi yalinikuta bafuni. Mkandarasi niliyempa kazi alibandika vigae kwa mistari iliyonyooka kabisa, nami nikafurahi, nikamlipa fedha zote siku ileile. Miezi michache baadaye, rangi ya ukuta wa chumba kinachopakana na bafu ilianza kufura na kubanduka kuanzia chini. Fundi mwingine niliyemwita hakuuliza mengi. Alichuchumaa akagonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo, na karibu nusu yake vikatoa mlio wa kitu kilicho kitupu ndani, maana gundi haikuenea chini yake. Alipong'oa vinne karibu na tundu la kutolea maji tulikuta sakafu tupu. Tabaka la kuzuia maji, ambalo lilikuwamo katika makadirio na ambalo nililipia, halikuwekwa kabisa, na mteremko wa sakafu ulielekea ukutani badala ya kuelekea kwenye tundu.

Fundi huyo ndiye aliyenifundisha kwamba kosa hilo lingegunduliwa mapema bila gharama yoyote ya maana. Kabla ya vigae kubandikwa, tundu huzibwa, sakafu hujazwa maji kidogo, na maji hayo huachwa kwa saa 24 ili ionekane kama yamepungua au kama unyevu umetokeza upande wa pili wa ukuta. Mimi sikujua kuomba jaribio hilo, na mkandarasi wangu hakulitaja.

Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza kwa mkandarasi si la bei, bali namwuliza ni lini atanionyesha kazi kabla hajaifunika. Anayeijua kazi yake hujibu bila kusita kwamba mabomba yatajaribiwa kwa shinikizo kabla ya ukuta kupigwa lipu, nyaya zitakaguliwa na fundi umeme mwenye leseni, na nondo nitaziona kabla ya zege kumwagwa. Anayekasirika kwa swali hilo, au anayeniambia nimwachie kila kitu yeye kwa sababu ana uzoefu wa miaka mingi, namshukuru kwa muda wake na kumuaga.

Kingine kinachomfichua mtu ni ratiba anayoitoa. Zege jipya linahitaji kutunzwa katika hali ya unyevu kwa siku 7 angalau, na kwa kawaida uimara wake hupimwa siku ya 28. Lipu nayo yahitaji wiki kadhaa ikauke sawasawa kabla ya kupakwa rangi. Kwa hiyo mkandarasi anayeahidi kupiga lipu Jumatatu na kupaka rangi Alhamisi ama hajui, ama anatumaini kwamba rangi itakapoanza kubanduka atakuwa ameshaondoka. Vivyo hivyo, mkandarasi anayekubali kubomoa ukuta ili sebule ipanuke, bila kwanza kutaka mhandisi athibitishe kama ukuta huo unabeba uzito wa dari au wa ghorofa ya juu, hafai kukabidhiwa hata banda la kuku.

Makadirio nayo yasomwe mstari kwa mstari. Karatasi iliyoandikwa "kukarabati jiko" na kiasi kimoja cha fedha haiwezi kulinganishwa na nyingine inayotaja vipimo, idadi ya mifuko ya saruji, unene wa nyaya na gharama ya kuzoa kifusi, kwani mara nyingi ile bei ya chini ni ya vitu vilivyoachwa, ambavyo baadaye vitarudi kwa jina la nyongeza. Na anapokutajia kazi alizowahi kufanya, omba kuiona iliyokwisha pita misimu miwili ya mvua, kisha umwulize mwenye nyumba kama mkandarasi alirudi alipoitwa kurekebisha kasoro.

Haki iwe ya pande zote. Wapo wenye nyumba wanaobadilisha mawazo kila asubuhi na kuchelewesha malipo, ilhali mkandarasi ana vibarua wanaosubiri ujira wao jioni. Mabadiliko yaandikwe na kusainiwa pamoja na bei yake, malipo yatolewe kwa awamu mara kazi inapokaguliwa, na asilimia 5 au 10 ya malipo ibaki kwa mwenye nyumba hadi muda wa matazamio walioafikiana, yaani muda wa kungoja kuona kama kasoro zitajitokeza, uishe.

Bafu langu lilirudiwa kwa utaratibu huo. Fundi alipoziba tundu na kujaza maji, nilichora mstari kwa penseli ukutani usawa wa maji yalipoishia. Kesho yake saa ileile tuliinama pamoja tukatazama: maji yalikuwa palepale penye mstari, nikamlipa fedha ya awamu hiyo, naye akaanza kuchanganya gundi ya vigae.

Ni mimi,
Msomaji wako wa siku nyingi