Fuko wa Mtito Andei na dawa za kurudisha ujana

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo hapa kwenye barua za wasomaji. Kila mara mnatuletea habari za matajiri wa Marekani wanaotaka kuishi mpaka miaka 150, leo ni yule Bryan Johnson anayetumia kama dola milioni 2 kwa mwaka kujipima na kujitibu asizeeke, kesho ni kampuni ingine imepewa mabilioni. Sawa, tunasoma, nani hapendi habari kama hizo. Lakini mimi sijawahi kuona mkituambia kwamba mmoja wa wanyama wanaofuatiliwa sana na wataalamu wa uzee duniani anatoka hapa hapa kwetu, shuka tu basi pale Mtito Andei utembee porini upande wa Tsavo, kuna uwezekano mkubwa unakanyaga paa la nyumba yake.

Huyo ni fuko uchi, yule asiye na manyoya. Ni wa Kenya, Ethiopia, Somalia na Djibouti, hana kwao kwingine. Mvua ikishanyesha udongo ukilainika utaona vichuguu vidogo vina tundu katikati na mchanga unaruka nje kwa mikupuo, ukidhani ni maajabu, kumbe chini kuna foleni: wa kwanza anachimba kwa meno, wa nyuma yake wanasukuma udongo kinyumenyume, wa mwisho anaupiga teke nje. Meno yametokeza mbele ya midomo ili achimbe mdomo ukiwa umefungwa. Wenye mashamba ya viazi vitamu na mihogo huku wanamjua vizuri na hawana neno zuri la kumsema, ingawa kwenye vile viazi vikubwa vya porini ana akili, anakula nyama ya ndani anaacha ganda ili kiazi kiendelee kukua. Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwachunguza hapa Kenya miaka ya 60, ndiye aliyeandika mwaka 1981 kwamba wanaishi kama nyuki, malkia mmoja ndiye anazaa na wengine karibu wote ni vibarua.

Sasa sikia kilichowatia wazimu wanasayansi. Uzito wake ni gramu 35 hivi, saizi ya panya wa nyumbani, na panya wa maabara akifika miaka 3 huyo ni babu. Fuko uchi akifugwa vizuri amepita miaka 35, na malkia anaendelea kuzaa kwenye umri ambao panya wenzake wangekuwa wamezikwa mara kumi. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake, wakati huo wakiwa Calico ambayo ni kampuni ya wenye Google, walitoa hesabu za fuko zaidi ya 3,000. Sisi binadamu tukishakuwa watu wazima hatari ya kufa inajizidisha mara mbili kila miaka 8 hivi, huyu mnyama hatari yake haikuonekana kupanda kabisa, ya leo ndio ya miaka 20 ijayo. Haimaanishi hazeeki hata kidogo, kuna waliopima alama za kemikali kwenye DNA yake wakaona umri unasonga, na saratani kwake ni nadra lakini imeshapatikana. Ila amekaa imara muda mrefu sana, na hapo ndipo utamu ulipo, maana kuongezewa miaka 20 ya kulala kitandani nani anaitaka?

Halafu kuna ile ya saratani. Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Rochester, Marekani, walionyesha mwaka 2013 kwamba seli zake zinatengeneza asidi ya hayaluroniki, ule utelezi ulioko hata kwenye ngozi na viungo vyetu, yenye molekuli ndefu sana kuliko yetu, na inasaidia kuzuia seli zisizaliane ovyo. Mwaka 2023 wakatoa jeni yake wakaipandikiza kwa panya. Panya wakaugua saratani mara chache kuliko wenzao, mwako wa ndani ya mwili (inflamesheni) ukapungua, na wakaishi zaidi kwa asilimia 4.4 ukichukua yule wa katikati kwenye kundi. Kwa panya hiyo ni kama mwezi na kitu. Ni kazi nzuri kabisa, lakini ona jeni yenyewe iliwekwa tangu mnyama hajazaliwa, hakumeza kidonge.

Mhariri hapo ndipo nilikuwa nataka kufika. Dukani sasa hivi kuna vidonge vya hiyo hayaluroniki, kolajeni, mara sijui resveratroli ya maganda ya zabibu, vyote vimeandikwa vinarudisha ujana, na tumbo likishasaga hiyo molekuli ndefu ya hayaluroniki inabaki vipande vya kawaida tu. Hiyo resveratroli kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline ilinunua kampuni iliyokuwa ikiitafutia dawa mwaka 2008 kwa dola milioni 720, kufika 2013 wakafunga ofisi yao, dawa haijatoka. Wenye pesa zao wameshaondoka sokoni sisi bado tunauziwa.

Mimi ni msafiri wa barabara hii ya Mombasa. Basi likisimama pale stendi anaingia kijana na kibegi, sauti kama ya mhubiri, anauza chupa ya shilingi mia tano, inatibu presha, sukari, mgongo, nguvu za kiume na "inarudisha seli". Safari moja mzee aliyekaa mbele yangu akamuuliza kwa upole, kijana wangu, nikianza hii niendelee na zile tembe za presha za hospitali? Akajibiwa hizo achana nazo mzee wangu, hizo zinaua figo. Mzee akatoa pesa. Nikamwambia mzee wangu tafadhali usiache zile za hospitali, akaniangalia kama nimemharibia siku, na kijana alishashuka zamani.

Hebu linganisha. Rapamaisini, dawa iliyotoka kwenye udongo uliochotwa na msafara wa 1964-65 kisiwa cha Rapa Nui, kule bahari ya Pasifiki, na ambayo wenyeji wa kile kisiwa hawajafaidika nayo kwa lolote, ndio imefanya vizuri kuliko nyingi kwenye panya: mwaka 2009 maabara tatu za Marekani zilianza kuwapa panya walioshazeeka na bado wakaishi zaidi, majike asilimia 14 madume 9. Kwa binadamu inapewa waliobadilishiwa figo kwa sababu inapunguza kinga ya mwili. Huyo Bryan Johnson aliimeza karibu miaka 5 akaiacha 2024, maana ilimletea maambukizi ya ngozi na sukari na mafuta kwenye damu vikapanda. Yaani mtu mwenye daktari wa kila kiungo ameshindwa, wewe wa kwenye basi unaambiwa haina madhara ni ya asili tupu.

Na kuna kitu kingine cha fuko ambacho kwenye habari huwa kinarukwa. Hiyo miaka 35 ni ya kwenye boksi la maabara, joto sawa, chakula tayari, hakuna nyoka. Huku porini vibarua wengi wanakufa bado wadogo, malkia ndiye anayeweza kufika miaka 17 kwa sababu anakaa ndani kabisa na wengine wanatangulia hatarini. Mwili ni ule ule.

Sensa ya 2019 ilionyesha mwanaume wa Kenya anatarajiwa kuishi miaka 60 na ushee, mwanamke 66 na ushee. Sisi hatujafika hata pale ambapo hiyo sayansi ya uzee inaanza kuhangaika napo. Uchunguzi wa STEPwise wa 2015, ule wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawajawahi kupimwa presha hata siku moja, na presha mara nyingi haina dalili, inakula figo na mishipa ya ubongo kimyakimya mpaka siku mtu anaanguka bafuni mnasema amerogwa. Tembe za presha ni za bei ya chini na zimeshapimwa kwa binadamu, tena maelfu kwa maelfu. Ukiniuliza dawa ya kuchelewesha uzee Kenya ya leo nitakutajia hizo na kuacha sigara, halafu nenda kaendelee na shughuli zako.

Kwa hiyo ombi langu ni mawili tu. La kwanza, mtumeni mwandishi wenu Mtito Andei na Meru, ambako fuko huyu yupo pia, aandike habari ya huyu mnyama sawasawa, aongee na wakulima na watu wa Tsavo, na awaulize Shirika la Wanyamapori wale fuko waliopelekwa maabara za nje walitoka kwa makubaliano gani na kama kuna chochote kinarudi. La pili linawahusu nyinyi wenyewe. Wiki iliyopita chini ya makala ya afya kulikuwa na tangazo la "tembe za ujana" na namba ya simu, hakuna jina la mtengenezaji. Kabla hamjapokea pesa ya tangazo la namna hiyo muulizeni mwenyewe awaonyeshe cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu, na namba ya usajili mkaichape hapo hapo kwa herufi kubwa kama ile ya simu.

Msomaji wenu,
Kibwezi